Kitovu cha Yusta na Reli Isiyokuja

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia kwanza.

Reli haiji tena, Mama. Mwenyekiti wa kijiji ametutangazia jana mkutanoni: vita vimekula fedha yote, ile reli ya kupita huku kwetu imefutwa. Watu hawakupiga kelele. Mzee mmoja aliyebomoa jiko lake ili kuipisha aliuliza tu, "Na jiko langu je, nalo limefutwa?" Tukacheka, kisha kila mtu akarudi kwake.

Nilikuwaza njia nzima. Si unakumbuka siku wapimaji walipopigilia vigingi vyekundu uani? Kimoja walikisimamisha katikati ya migomba yetu michanga, ile tuliyoipanda tuliposhushwa kutoka mlimani Bugarama kuja kukaa kijijini. Yule mpimaji kijana akasema kila kilichomo ndani ya mstari kitang'olewa. Ukamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mwanangu, hiyo treni yako haiwezi kukata kona?"

"Bibi, treni siyo mbuzi."

"Hata mbuzi anajua kuuzunguka mgomba wa mtu!"

Mwanao alikuwa ameshakwenda vitani, nami nina mimba. Yusta alipozaliwa, kitovu chake kikakauka na kudondoka, nilingoja ukifukie kwenye shina la mgomba kama desturi yetu, ili mtoto awe na kwao. Ukakataa.

"Cha baba yake nilikifukia Bugarama, nikaambiwa hama. Hiki sikifukii njiani kwa magurudumu. Tungoje kwanza watuambie tunakaa wapi."

Ukakifunga kwenye jani kavu la mgomba, ukakichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya kitanda chako.

Basi tukangoja. Wanawake kisimani wakanisema, eti mtoto wangu hana kwao, ni mtoto wa stesheni. Nilirudi nalia. Wewe ukaenda kuwajibu mwenyewe: "Vizuri, mtoto wa stesheni atapanda bure. Nyie mtakata tiketi." Hawakurudia. Ulipoanza kuumwa tulikuwa bado tunangoja, na ulipoishiwa na maneno ukawa unaninyooshea kidole kule paani. Nilikuwa nakuelewa, Mama.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, nje ya vigingi. Mwanao hakuwepo. Sasa amerudi. Amekonda, na sufuria ikianguka anashtuka mwili mzima, lakini amerudi. Jana tulipotoka mkutanoni akaniambia, "Turudi Bugarama. Kitovu changu kiko kule. Cha mtoto nacho tukakifukie huko huko."

Nusura nikubali. Nimechoka, Mama. Nimechoka kupanda kitu huku najiuliza nani atakuja kuking'oa. Nimechoka kuishi kwangu kama mtu anayengoja gari. Lakini nikaona moyoni kaburi lako limebaki peke yake, majani yamelifunika, hakuna wa kupita hata kukuamkia. Nikamuuliza, "Na mama tunamwachia nani?"

Aliuacha uji wake ukapoa. Kisha akatoka, akakishika kile kigingi cha kwenye migomba kwa mikono miwili. Kilikuwa kimeoza chini, kikatoka kama muhogo. Nimekifanya kuni, nikapikia maharage.

Asubuhi ya leo tumekishusha kitovu cha Yusta. Baba yake alichimba kwenye shina la mgomba ulio karibu na kaburi lako, mimi nikakiweka, na Yusta, ambaye sasa anatembea, akaukanyaga udongo kwa miguu yote miwili huku anacheka. Hajui kilichofanyika. Nitamweleza akikua.

Wakija wengine na vigingi vingine, sijui tutafanyaje. Lakini kuanzia leo mtoto ana kwao, na kwao ni hapa kwako.

Lala salama, Mama. Mvua ikikatika nakuja kukupalilia.

Mkaza mwanao,
Mama Yusta