Tanuru Ulizoniuliza Kila Asubuhi

Tata,

Simu yako iliita Alhamisi. Laini sijaifunga, bado naichaji pamoja na yangu, usiniulize kwa nini. Alikuwa mama mmoja, mwalimu wa historia kutoka Likasi, yule aliyekuwa akikuletea wanafunzi kila mwaka uwatembeze. "Tata Gide," akasema, "tuko tunakuja Samedi. Utatuonyesha tanuru ya bankambo?"

Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia: kwamba umekufa, na kwamba tanuru za mababu za kuyeyushia shaba hazipo tena. Nikamwambia la kwanza. La pili sijamwambia mtu, hata Mama, ambaye bado amevaa nguo za msiba na anangoja siku ya kwenda kumaliza kilio chako kule kilimani kwenye tanuru, kama ulivyoagiza.

Mwalimu alilia kidogo, akanipa pole. Kisha akauliza: "Na wewe mutoto yake, njia unaijua?"

Nikasema naijua. Huo haukuwa uongo. Njia ya kilima kile hakuna anayeijua kuliko mimi.

Basi Jumamosi nikavaa kofia yako, nikawapokea stesheni. Nilianzia pale ulipokuwa ukianzia: jengo la gari moshi, kisha kanisa la matofali mekundu la mapadri wa kwanza. Hotuba yako ninayo yote kichwani. Hata nilikohoa mahali ulipokuwa ukikohoa. Wanafunzi walipiga picha, wakala mikate, wakachoka, kama kawaida. Asubuhi nzima nilikuwa gide mzuri, na asubuhi nzima nilikuwa naomba basi lao liharibike. Magari mabovu yote ya Lualaba, na lile ndilo likawa zima.

Acha niseme sasa. Ulipokuwa unasimama mbele ya zile tanuru tano za udongo wa kichuguu ulikuwa na maneno yako: "Bankambo habakukuwa bajinga. Jiwe habakuibebaka mbali. Pale unaona tanuru, shaba iko chini ya miguu yako." Halafu unawaonyesha maua ya buluu, yale yanayoota penye shaba, mahali ambapo mti haukubali kuota. Miaka yote hiyo wageni walikuwa wanatafuta kivuli. Aliyekuwa anasikiliza ni mimi peke yangu, mbeba chupa yako ya maji.

Miguu yako ilipokataa, ukalala kwenye kitanda cha dirishani, nami nikawa napanda peke yangu. Ulidhani nakwenda kufagia. Nilikwenda na mtalimbo. Nilifungua shimo moja, kati ya tanuru ya pili na ya tatu, nikalifunika kwa turubai. Jiwe la kijani, lenye shaba, nililikuta pale pale uliposema. Hukukosea hata kidogo, Tata. Katika kazi yako yote hakuna mgeni aliyekuelewa vizuri namna ile.

Na kila asubuhi uliuliza: "Tanuru iko?"

Iko, Tata.

"Ulifagia?"

Nilifagia.

Siku moja ukaona vumbi kwenye nywele zangu, ukanipangusa kwa mkono wako. "Vumbi ya bankambo, mutoto yangu. Haina mubaya." Nikaenda kula bukari na sombe. Nilimaliza sahani.

Shimo halifichiki. Walikuja rafiki wawili, wakaja ndugu zao, wakaja watu wa Tenke, wa Lubudi, wa kule nisikokujua, kilima kikawa kama soko. Nikauza mawe, nikanunua pikipiki. Ulifurahi, ukasema kumbe wageni wameongezeka. Tanuru nne ziliangushwa na wengine, na mimi nilikuwa nikijiambia hivyo kila nikilala: wengine, wengine. Lakini ya tatu niliivunja mimi. Ilikuwa inatuzuia kupitisha mifuko. Udongo uliochomwa na moto wa zamani hauvunjiki upesi. Nilipiga mpaka viganja vikatoka damu, na nilipomaliza nikaketi juu ya vipande nikanywa maji.

Ulikufa mwezi ule ule, ukijua tanuru ziko.

Basi tukafika juu, Jumamosi, mimi na wanafunzi na mwalimu wao. Shimo kubwa, maturubai ya rangi ya chungwa, watu wametapakaa vumbi. Nikafanya nini? Nikatoa hotuba. Wallahi nilitoa hotuba, nikinyoosha kidole hewani: hapa ilikuwa ya kwanza, pale ya pili. Wanafunzi waliangalia kidole, wakaangalia shimo, wakaangaliana.

Mwalimu akauliza polepole: "Tata Gide aliona hii?"

Nikajibu hapana, hakuiona.

"Mungu amesaidia. Na ni nani balifanya hivi?"

Nikaanza kusema watu, unajua, njaa, maisha. Hapo akatoka shimoni mwenzangu wa zamani, meno tu ndiyo meupe, akapiga kelele: "Eh, shefu! Umerudia shimo yako? Na umetuletea shule nzima ije kuchimba!" Wenzake wakacheka sana. Hakuwa na nia mbaya. Alifurahi kuniona.

Mwalimu hakunifokea. Ningependa anifokee. Alinitazama kofia, si uso, kisha akawaambia wanafunzi, "Twende, batoto." Waliponishusha barabarani akasema dirishani: "Leo ndiyo nasikia kama Tata Gide alikufa kweli."

Nimerudi nyumbani. Mama amekwisha kuulizia mvua, kama barabara imekauka. Mpaka leo nimempa visingizio: matope, walinzi, goti lake. Vimeisha. Kesho mchana nitampeleka, Tata. Nakuahidi nitamwambia kabla hatujaona kilima, tukiwa wawili njiani, na nitamwambia yote, na ile ya tatu pia. Msamaha sikuombi; huna pa kunijibia, na mimi sina pa kuuweka.

Lala. Kesho Mama akishasikia, akitaka kurudi peke yake kwa miguu na lile goti, sitamshika mkono kumzuia. Nitabaki nyuma, mbali, nimfuate mpaka nimwone ameingia ndani. Zaidi ya hilo sina cha kuahidi.

Mwanao.