Vidonge Ulivyomwaga Kwenye Kidonda

Baba Nyamizi,

Uji uko kwenye chupa ya chai. Kidonda usikifungue tena.

Asubuhi nikitandika kitanda nimeokota maganda ya rangi mbili chini ya mto wako. Kumbe vidonge vyote ulikuwa unavipasua na kunyunyizia unga kwenye kidonda! Daktari alisema umeze, usaha usije ukafika kwenye chuma walichokufungia mfupa. Sasa usaha unatoka, na unanuka.

~~Nimekwenda kwa mama yangu.~~ Nimekwenda Tinde kutafuta gari la kukurudisha hospitali. Oga, na ule mguu usio na kidonda uusugue, usinitie aibu.

Ndama alipovimba kwato ulimwita bwana mifugo hata chai hujanywa. Nakuomba, mume wangu, ujithamini angalau kama ndama.

Mama Nyamizi