Nyota Mbili za Zamu Mbili

Doha, Jumapili, Januari 2014. Baridi kavu, anga safi. Nina hasira leo, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nilifundisha shule ya msingi Singida miaka sita. Kila mwaka nilichora sayari ubaoni na kusema nyota ya jioni na nyota ya asubuhi ni kitu kimoja, ni Zuhura. Wanafunzi wakaandika, nikawapa vema zao.

Sikuwahi kutoka nje kuitazama.

Sasa mimi ni mlinzi hapa kisiwa cha The Pearl, zamu ya mchana. Desemba nzima niliiona jioni juu ya maghorofa ya magharibi, inang'aa kuliko taa za boti. Kila wiki ilishuka kidogo, na mwezi huu ikapotea kabisa. Leo alfajiri nilipokwenda kumpokea zamu ya usiku Wafula, Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Bin Mahmoud, akanionyesha nyota nyingine mashariki, upande wa bahari. Nikamwambia ndiyo ileile.

"Mwalimu, usinisomee kitabu," akasema. "Mimi nimeona nyota mbili. Nionyeshe vile zinakuwa moja."

Niliona aibu, jamani.

Aprili narudi darasani, nafasi nimeshapata. Siko tayari kusimama mbele ya watoto na jambo nisiloweza kulitetea.

Kutwa nzima getini nimewaza wale wa kwanza walijuaje kwamba ni moja. Darubini hawakuwa nayo. Watu wa Babeli waliitazama kwa macho, wakaandika kwenye vigae vya udongo siku inapotokea na siku inapopotea, miaka nenda miaka rudi, mpaka ikawa wazi kwamba ya jioni ikiwepo, ya asubuhi haipo. Sidhani walinizidi akili. Walikesha tu, wakaandika.

Kukesha na kuandika si ndiyo kazi yetu?

Jioni tukikabidhiana zamu nikamweleza Wafula mpango wangu. Yeye alinde mashariki alfajiri, mimi magharibi jua likizama, kila mtu na daftari lake. Zikitokea zote siku moja, nimekosea, na watoto nitawaambia hivyohivyo.

"Na ukienda kwenu?"

"Magharibi ipo hata Singida, ndugu yangu."

Akacheka, lakini daftari akapokea.

La kwangu nimelifungua sasa hivi. Nimeandika: *Magharibi, leo, hakuna kitu.* Ndiyo sentensi ya kwanza kuhusu sayari ambayo sikuitoa kwenye kitabu cha mtu.