Niliyemfungia Njinjo

Alhamisi, baada ya Isha

Kumbe nilimfungia mtu, si roboti.

Wiki nzima roboti za mtandaoni, programu zinazofungua kurasa zenyewe bila kukoma, zimeielemea tovuti ya ushirika wetu, seva inazimika kila mara, na wakulima wanaitegemea kujua siku ya mnada wa korosho. Jana nikaiamuru seva: kompyuta yoyote inayofungua ukurasa mfululizo, ifungiwe. Ikatulia. Nikajisifu.

Leo mchana kapiga simu Mzee Chande, karani wa ghala la ushirika kijijini Njinjo. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenifungia?"

Akanieleza: kompyuta ni moja kijiji kizima. Kila mkulima akifika anataka tangazo lifunguliwe upya mbele ya macho yake. Alichofunguliwa mwenzake hakiamini.

Nikamfungulia, nikamwomba radhi.

"Hamna neno, mwanangu," akasema.

Mnada wao ulikuwa leo asubuhi, umeshapita.