Wimbo wa Kunyanyulia

Karakana, mlango wa nyuma
Jumatano, tarehe 14, mchana

Mpendwa binti yangu, kitindamimba wangu,

Baba yako anakusalimu. Hujambo wewe? Wajukuu zangu je? Na mume wako, kile kifua chake kimeacha kumsumbua? Mimi ni mzima. Mgongo ndio unaniletea ubishi kila asubuhi, lakini nikishausimamisha unatii. Meno yangu ya mbele yapo yote. Wenzangu wa rika hili wanatafuna kwa ufizi.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, na kwa penseli ya kuchoria mbao, kwa hiyo usishangae herufi kuwa nene. Mama Cherehani, yule fundi nguo tunayepakana naye ukuta, alitaka nikupigie kwa simu yake nikakataa. Simu utanikatia katikati ya neno. Barua hata ukiikunjakunja kwa hasira, kesho unaweza kuikunjua.

Nyumba imesimama, niliijenga mimi, itaangukaje. Ila kimya chake hukijui. Nachemsha birika zima la chai kwa mazoea, nakunywa kikombe kimoja, nyingine namwaga. Redio naiwasha hata kama siisikilizi, mradi asikike mtu. Juzi nimejikuta naiambia randa yangu habari za asubuhi.

Sasa nakuja kwenye lenyewe, maana nimezunguka vya kutosha.

Shule, unajua, mimi niliingia kuweka madirisha. Kusoma nilijifunzia kwenye karatasi za vipimo. Karatasi ikisema futi kumi na mbili, unakata futi kumi na mbili, hakuna mjadala. Miaka arobaini sijaharibu ubao wa mtu, muulize yeyote, ndiyo maana wakaniita Mzee Futi. Basi na Maandiko nimeyasoma hivyohivyo. Unakumbuka nilivyomuuliza mchungaji wa zamani ile boriti ndani ya jicho la mtu ilikuwa ya inchi ngapi? Kanisa zima likacheka. Mimi nikajua wanamcheka mchungaji kwa kutojua vipimo.

Halafu ikaja siku ya kumzika mama yako. Jeneza nililitengeneza mwenyewe, hakuna msumari hata mmoja ulioonekana, na mpaka leo watu wanalitaja. Wewe ukasimama kando yake na kitabu mkononi, ukaanza ule wimbo wa Zaburi, wa mtu anayemuuliza Mungu amemsahau mpaka lini. Nikanyanyuka mbele ya waombolezaji wote nikakwambia keti chini, Mungu hasahau mtu, usimtukane juu ya jeneza la mama yako. Ukafunga kitabu. Kesho yake ukafunga begi. Inaelekea miaka mitatu sasa, hujarudi.

Miaka yote hiyo nilikuwa nasema mimi ndiye niliyemtetea Mungu. Nilisema kanisani, nikasema karakana, nikamwambia hata muuza mbao ambaye hakuniuliza.

Wiki iliyopita tulikuwa tunaezeka upya kanisa. Vijana hawajui kupandisha kenchi, yale mapembetatu mazito ya mbao yanayobeba paa, wakaja kuniita. Nani mwingine wangemwita? Nikapanda ngazi, nikashika kamba, nikawaanzishia wimbo wetu wa kunyanyulia, ule uliokuwa unausikia ukiniletea chakula kazini:

"Fundi katuua."

"Tuzikeni hapahapa."

"Mgongo umekatika."

"Tuzikeni hapahapa."

Kenchi inapanda kama unyoya. Mara mchungaji, huyu mgeni, anatoka ofisini mbio.

"Wazee, nani kaumia huko juu?"

"Hakuna aliyeumia, mchungaji. Ni wimbo."

"Mbona mnasema mmekufa?"

"Sasa mfu anaimba? Hii si taarifa ya msiba, ni wimbo wa kunyanyulia. Usipoilalamikia mbao haipandi. Hata mimi fundi ninayetukanwa naimba."

Nilijiona nimemfundisha mtu msomi. Mama Cherehani alikuwa pale chini anapima mapazia ya madirisha, futi shingoni, pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja.

"Kumbe unajua, Mzee Futi," akasema. "Haya, na binti yako siku ile alikuwa ananyanyua nini?"

Nikashuka ngazi. Niliwaambia vijana jua limekuwa kali.

Tangu siku hiyo nimerudi kwenye kitabu kwa kidole changu, polepole, na mchungaji anakaa nami baada ya kazi. Hanifundishi, tunajadiliana. Kumbe mle ndani mna karatasi za kila aina. Pale wanapojenga nyumba ya ibada kwa dhiraa, hapo ni vipimo kabisa, na hapo hakuna wa kunidanganya. Barua za mitume ni barua kama hii, zina mwenyewe aliyeandikiwa na shida yake, na salamu zimejaa mwishoni. Ile boriti ya jichoni ni utani wa seremala kwa watu wanaojiona. Nimeuelewa mwaka huu, nikacheka peke yangu karakana, halafu nikaacha kucheka.

Na ule wako ni wimbo. Hausemi Mungu kasahau. Ni mtu amebeba kitu kizito kuliko mgongo wake, anamlalamikia Fundi ili kipande. Na Fundi mwenyewe ameacha uandikwe humo. Una mistari sita, nimeihesabu. Mimi nilikukata kwenye wa pili. Huko mwishoni yule mtu anaimba kwa furaha, sikukuacha ufike.

Mwanangu, ulikuwa unamnyanyua mama yako peke yako, nami niliyekuwa upande wa pili wa mzigo nikakunyang'anya wimbo. Nimekosea kipimo. Andika tarehe, maana sijui kama nitalisema tena.

Mwezi ujao, tarehe mbili, inatimia miaka mitatu. Mchungaji amekubali twende pale kaburini asubuhi. Nimejaribu kuuimba mwenyewe hapa nyumbani. Haufai. Wimbo wa kunyanyulia unataka mmoja aanze na mwingine aitikie, na mimi humu ndani naanza, halafu nabaki nasikiliza ukuta. Njoo uanze wewe. Chagua sauti unayotaka, hata ya juu, nitaifikia.

Chumba chako nimekipiga deki, na kile kitanda kilichokuwa kinalia nimekikaza.

Nisalimie mume wako, mwambie aache kulala dirisha wazi. Mjukuu wangu mkubwa mwambie yale maumbo ya mbao aliyoyaacha bado ninayo. Yule mdogo mnunaji, asipunguze, ananirithi mimi. Shangazi yako ukimwona mwambie bado sijafa, asigawe koti langu. Mama Cherehani anawasalimu, ameisoma barua hii akasema nimejisifu mno. Sijafuta kitu.

Mungu awafunike kwa paa lisilovuja, awalete salama.

Ni mimi baba yako nikupendaye, niliyekaa upande wa kuitikia,

Mzee Futi