Biira wa Nani?

Jumatano, Bwera. Mvua haijakoma tangu asubuhi, na dukani hajaingia mteja.

Naandika kabla ya magharibi, maana nikiendelea kukaa na jambo hili peke yangu nitaugua.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wazee na walemavu. Si kwamba nina elimu. Nauza vitenge, nina mwandiko mzuri, basi nikapewa kalamu. Tuliomba ruzuku ndogo, na kila mwanachama akachagua kitu cha kumpa riziki: huyu mbuzi, yule kuku. Biira, mama mmoja wa Kyondo, juu mlimani, ambaye miguu yake haijawahi kumbeba, alichagua cherehani ya mkono, kwa kuwa ile ya kukanyaga haimfai. Kesho maofisa wa ruzuku wanakuja uwanjani kuita majina kwa sauti na kumwona kila mtu kwa macho. Asiyeonekana hapati.

Leo asubuhi Biira aliletwa na bodaboda mpaka mlangoni kwangu. Alikuja kuuliza kesho ni saa ngapi.

Kwenye orodha niliyowapelekea maofisa mimi mwenyewe, Biira ni marehemu.

Ilikuwa hivi. Majuma machache yaliyopita mwenyekiti wetu, mzee Baluku, alinipigia kunipa habari kwamba Biira amefariki. Aliisikia sokoni. Nikachukua kalamu, nikaandika "marehemu" mbele ya jina, nikapeleka. Mimi nimezaliwa hapa hapa, mtoto wa mfanyabiashara Mwislamu, na najua vizuri kwamba kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hii, binti wa pili huitwa Biira. Karibu kila nyumba ina Biira wake. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeuliza: Biira wa nani? Mimi sikuuliza. Nilijitia ujuaji.

Kumbe aliyefariki ni Biira mwingine, wa ng'ambo ya kilima.

Mbele ya mama wa watu nikatabasamu, nikamwambia aje saa nne, nikampa chai. Alikuwa akivipima vitenge vyangu kwa macho, akisema ataanza na sketi za shule. Sikumwambia. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Alipoondoka nikampigia mwenyekiti. Maofisa walikwisha kutuonya kwamba wakikuta jina hewa, la mtu asiyekuwepo, watakifuta kikundi kizima. Sasa marehemu anayefufuka siku ya ukaguzi, nani ataamini kwamba si hewa?

"Wewe nyamaza," akasema. "Kesho yeye abaki nyumbani. Tutamuweka mwaka ingine."

Mwaka mwingine. Biira ana mvi kichwa kizima.

Nilikaribia kukubali. Nawafikiria wale wengine, hasa yule mzee kipofu aliyekwisha kujenga banda la mbuzi. Nikisema ukweli, huenda nikawakosesha wote. Nikinyamaza, Biira atakaa pale uwanjani asikie akitajwa maiti mbele za watu, au nimzuie asije kwa uongo mwingine. Kila nikigeuka naogopa. Na niseme kweli, naogopa pia jela, na hiyo ndiyo hofu iliyotangulia kabla sijamfikiria mtu yeyote.

Saa kumi nikampigia Biira mwenyewe. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, nikangoja anitukane.

Alicheka. Nyuma ya kicheko nilisikia mvua tu ikipiga mabati ya kwake huko juu.

"Mutoto yangu," akasema, "ulisikia mimi nilikufa, na haukukuja kulia?"

Siku ile mlima ulikuwa na utelezi, na dukani kulikuwa na wateja. Ningepanda kwenda kumzika ningemkuta amekaa mlangoni kwake na sindano na uzi, mzima kabisa.

Kesho nitasimama kabla jina la kwanza halijaitwa, niseme kosa ni langu peke yangu. Biira amesema atakuja. Nitakaa karibu naye, kama atakubali.