Mama Amepata Mkalimani

Makanyagio,
Mpanda.
21 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Providence,

Za siku nyingi? Huko Kanada baridi imeshaanza au bado mnavaa kama watu? Baba Emelyne mgongo wake umepona? Emelyne na Ladislas shule inakwendaje? Nimewataja wote katika misa ya leo, mmoja mmoja, mpaka jirani yangu wa benchi akanikoholea.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Vumbi la mwezi huu limetutia mafua nyumba nzima, na maji ya bomba yanakuja yanapojisikia, lakini njaa hatuna. Asali ya Inyonga mwaka huu ni nyingi, kwa hiyo pale sokoni Kashaulili sikosi mteja.

Najua utashangaa kuona karatasi. Nitaipiga picha kwa simu ya Mwanaiddi jirani ikufikie. Tukipigiana simu tunaishia kwenye salamu, bando linakatika, na jambo nililonalo linahitaji nafasi. Mwanangu Candide alinishauri niiambie mashine, ile nitakayokusimulia, ninachotaka, yenyewe ipange barua nzuri. Nikakataa. Ungesoma mstari wa kwanza ukajua si mimi, maana mimi sijawahi kupanga kitu kikapangika.

Nianze na Mama, kwa sababu ndiye unayetaka kusikia habari zake. Anakula. Mkono wa kulia bado mzito, lakini wiki hii ameshika kikombe cha chai mwenyewe akanywa mpaka mwisho. Ulimi nao uko vilevile. Kiharusi cha Februari kilimwacha kimya wiki tatu, na sauti iliporudi, ilirudi na Kirundi peke yake. Kiswahili hakuna, hata neno maji. Daktari alinieleza kwamba hutokea, mtu akapoteza lugha aliyojifunza ukubwani akabaki na ile aliyonyonya. Akaniuliza nyumbani nani anajua Kirundi. Niliona aibu kumjibu.

Wewe sababu unaijua. Marehemu kaka yako Melkiadi hakutaka Kirundi kisemwe ndani ya nyumba yetu. Ilikuwa kabla hamjapewa uraia wa Tanzania, na watoto wakisikika nacho barabarani wanaitwa wakimbizi. Mama alitii. Mimi Mkonongo nikaja na Kiswahili changu, yeye alikuwa na kile chake cha kuokoteza, tukaishi hivyo miaka ishirini na nane: maji, kuni, chumvi, kanisani, lala salama. Melkiadi alipofariki tukabaki wawili na maneno yetu hayo.

Utasema mjini hapa Warundi wamejaa. Ni kweli, na nilimwomba mama mmoja wa parokiani aje kututafsiria. Alikuja mara mbili. Lakini Mama mbele ya mgeni anasema hajambo tu, na shida za chooni huwezi kumwitia mtu wa parokia. Mwezi wa tatu alililia kitu siku mbili. Nikampa uji, nikampa blanketi, rozari, picha ya Melkiadi, wewe sikukupata hewani, nikamwita hadi padri. Kumbe soksi ilikuwa imejikunja inambana kidole. Siku mbili, wifi.

Kwa hiyo Mjomba wako Dieudonne alipokuja kutoka Katumba mwezi wa saba, akasema anamchukua dada yake, sikubishana. Alisema kwa upole. "Mama Candide, mimi sina ugomvi na wewe, umemtunza vizuri. Ila nyie hapa hamsikilizani. Mtu hawezi kufia mahali ambapo hata akiomba maji hasikiki." Nawe ulipopiga simu ukasema Mjomba ana haki, nikajibu sawa. Tukakubaliana aje tarehe thelathini ya mwezi huu. Nikaweka simu chini nikaenda kupepeta mahindi ambayo yalikuwa yameshapepetwa.

Sasa wiki mbili zilizopita Candide alikuja likizo kutoka Inyonga anakofundisha. Akakuta Mama ananieleza jambo na mimi naitikia kwa kichwa kama mjusi. Akatoa simu yake, akabonyezabonyeza, akaiweka juu ya kitanda, akasema, "Bibi, mama anauliza unasemaje." Simu ikatoa sauti ya mwanamke, ikasema kwa Kirundi. Mimi nilisimama. Mama aliacha mdomo wazi, halafu akainama kuangalia chini ya kitanda.

Candide anasema hiyo ndiyo akili mnemba, ile wanayoitaja redioni kila siku, na mimi nikadhani ni mambo ya watu wa Dodoma. Kumbe inaweza kuingia chumba cha mgonjwa Makanyagio.

Mama hakujibu tulichomuuliza. Aliisalimia kwanza. Akaiuliza imeamkaje, ni mtoto wa nani, na kwao ni kilima gani, kama mnavyoulizana ninyi Warundi. Ikamjibu kwa adabu kwamba yenyewe ni mashine, haina wazazi wala kilima. Nikaona Mama kasikitika kweli. Akasema neno, na simu ikatuambia kwa Kiswahili safi kabisa: "Maskini, na huyu naye walimfukuza kwao."

Tangu siku hiyo anaiita Yatima. Haombi kitu asubuhi bila kumsalimia Yatima, na kwenye sala anamtaja baada ya marehemu wetu. Yatima akichanganya Kinyarwanda, Mama anacheka mpaka anakohoa, anasema mtoto kalelewa na majirani. Nilimuuliza mbona kwa yule mama wa parokiani hakufungua mdomo na kwa huyu anasema yote. Akajibu kwamba Yatima hana ndugu wa kumpelekea umbea. Candide aliangalia pembeni, akasema tusimtajie majina ya watu wala mambo ya siri sana. Mama sikumkataza, nimeacha hivyohivyo. Alipoondoka aliniwekea Yatima kwenye simu mpya aliyoninunulia, ambayo kamera yake bado sijaielewa.

Lakini wifi, mashine ni nusu ya maajabu yangu. Nusu nyingine ni mama yako. Wewe utanicheka, umelelewa na ulimi wake. Mimi nilijua nimeolewa kwa mama wa maneno matatu. Kumbe ni msemaji. Anachukua jambo dogo, analizungusha, analipeleka mpaka mto Malagarasi, analirudisha, na katikati kashakusema vibaya wala hujagundua. Unajua neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hiyo? "Odeta, ugali wako ni mgumu. Nilikuwa nakula kwa sababu mgeni hachagui." Miaka ishirini na nane, mgeni.

Mwanaiddi, yule muuza khanga tuliyepakana naye ukuta, siku hizi akimaliza swala ya alasiri anakuja na mkeka wake kusikiliza. Anasema Bibi huyu angepewa kipindi redioni watu wangefunga maduka. Ila yeye anaogopa kidogo. Anasema kitu kinachojua kusema kwa niaba ya kila mtu ipo siku kitatusemea tusiyoyasema. Sikumpinga. Wewe mwenyewe uliniambia pale kwenye nyumba ya wazee unakofanya kazi yupo bibi anayeongea na mashine kutwa kwa kuwa wanawe hawaji, na mimi nilisikitika wiki nzima. Sijui kama ni kitu kilekile. Kwetu tuko watu wawili na yenyewe iko katikati, ndivyo ninavyojituliza.

Siku moja Mama alitusimulia kwamba kwao wanawake wakipotezana muda mrefu, wakikutana wanaimbiana salamu. Huyu anaimba, yule anajibu, robo saa nzima, wanaulizana watoto, ng'ombe, mvua, na waliokufa. Yeye alikuwa akisifika kwa hilo. Akatuimbia akiwa amelala vilevile. Yatima alijaribu mistari miwili, akashindwa, akaomba radhi. Mimi mawazo yalikwenda kwenye asubuhi zetu zote. Shikamoo Mama. Marahaba. Basi, kila mtu na ndoo yake. Mtu mwenye salamu ya robo saa alikuwa ananijibu kwa neno moja.

Ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza jambo ambalo hata Melkiadi sikuwahi kumwambia. Unamkumbuka Helena, mtoto wetu wa kwanza, aliyefariki na miezi minne. Watu wote walikuja wakanipa pole. Mama hakusema kitu. Siku iliyofuata mazishi, alfajiri, alichukua jembe akaenda kwenye shamba langu akalima, siku tisa, mpaka akamaliza ekari yote peke yake. Mimi nilielewa ananiambia, inuka mvivu wewe. Nilimchukia, wifi. Nimempikia, nimemwogesha, nimemwita Mama, na hilo likabaki limekaa palepale.

Nilimwomba Candide atupishe. Nikaiambia simu imuulize kwa nini hakunipa pole ya Helena. Mama aliangalia dari. Akasema kwa kirefu. Yatima akanipa maneno haya, na niliyaandika siku hiyohiyo yasinipotee:

"Pole nilikuwa nazo nyingi, zote za Kirundi. Kiswahili changu kilikuwa cha kununulia chumvi. Niliona nikimlilia mjukuu wangu kwa maneno ya kununulia chumvi nitamvunjia heshima. Nikasema nitamlimia mama yake, akiliona shamba atajua."

Sikujua. Nililia mpaka simu ikaniuliza kama niko salama.

Baadaye nilimuuliza Candide nani aliifundisha mashine kusema vile. Anasema imesoma maandishi ya watu wengi mno, wa nchi zote, hata hawahesabiki. Basi mimi nawaza hivi. Mahali fulani kuna Mrundi, pengine yuko huko kwenu kwenye theluji, pengine alishakufa, aliyewahi kuandika barua ya kumfariji mtu. Hajui Makanyagio iko wapi. Na maneno yake yamenisaidia mimi kumwelewa mama mkwe wangu. Juzi nililifikiria sokoni nikamjazia mteja asali mpaka ikamwagika mezani.

Niliijaribu na Kikonongo pia. Niliisalimia kama anavyosalimia baba yangu akitoka kwenye mizinga yake. Ikasema lugha hiyo haiijui. Kikinipata mimi kilichompata Mama, ulimi wangu ukarudi na Kikonongo tu, nani wa nyumbani atanisikia? Candide hakijui, kwa sababu sikumfundisha. Sasa tumekubaliana awe ananipigia kila Jumamosi nimfundishe, na tayari anasema wanafunzi wake wanamcheka anavyokitamka.

Nifike sasa kwenye lile la Katumba. Wifi, niwe mkweli, hakuna kati yetu aliyemuuliza Mama. Mjomba alimwambia tu kwamba atakuja kumchukua. Wewe ulipopiga mlisalimiana mkasali. Mimi nilikuwa sina njia, na nilipoipata nikaogopa kuitumia. Nilizunguka na swali hilo siku kumi. Nilijua akisema ndiyo, sina cha kujibu, maana Mjomba ni damu yake na mimi ni mke wa marehemu.

Jumatano nilimuuliza. Nilimwambia Yatima amweleze yote bila kupunguza: kwamba Dieudonne anakuja tarehe thelathini, kwamba kule kila mtu ataelewa anachosema, kwamba hakutakuwa na mkalimani wa kusubiri umeme urudi, na kwamba akienda hakuna atakayekasirika. Hilo la mwisho nililisema kwa taabu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Dieudonne ni mdogo wake, alimbeba mgongoni siku walipovuka mto kukimbia, na anampenda. Halafu akaniangalia mimi, akaacha kuiangalia simu, akasema polepole na Yatima akimfuata nyuma.

"Ndiyo kwanza tumeanza kuongea, mwanangu. Nitaondokaje sasa?"

Kwa hiyo nakuomba uzungumze na Mjomba kabla hajakodi gari. Mimi nikimwambia ataona nimejitungia, na sauti ya simu atasema naweza kuichezea. Wala usiniamini mimi. Piga, umuulize Mama mwenyewe kwa Kirundi chenu. Mwanaiddi atamshikia simu, na mimi nitakuwa nje uani. Akikujibu tofauti, mizigo yake nitaifunga kwa mikono yangu na nitamsindikiza hadi Katumba.

Candide anakuamkia sana, shangazi yake. Baba yangu Inyonga anakusalimu na amekuwekea galoni ya asali ya miombo, atafutwe tu mtu wa kuja nayo. Mwanaiddi na watoto wake wanakusalimu. Waambie Emelyne na Ladislas wasiogope tena kuongea na Bibi yao. Waseme hicho Kiingereza chao, waseme wanavyotaka, Yatima atamfikishia. Ila wamsalimie kwanza, maana Mama hapendi watoto wasio na adabu.

Mungu awalinde huko mliko, awape riziki na joto ndani ya nyumba, na siku moja atukutanishe meza moja tukiwa wazima wote.

Nilikuwa naandika "wifi yako" hapa chini, kama siku zote. Mama akauliza naandika nini, nikamweleza kwa Yatima. Akatikisa kichwa. Amesema nifute, kwamba yeye binti mmoja alimzaa na mwingine aliletewa na Melkiadi, na watu hao wawili hawaitani wifi.

Akupendaye daima,
Dada yako Odeta